Nimeokoka miaka 9 lakini naambiwa bado mchanga, shida iko wapi?

Dada mmoja ameniandikia, nafupisha. Ameokoka huu mwaka wa 9, anaimba kwaya, anaomba kwa lugha, vitabu vyote 66 vya Biblia anavitaja kwa mpangilio bila kuangalia popote. Miezi miwili iliyopita kiongozi wa kwaya alimkosoa mbele ya wenzake kwa sababu ya kuchelewa, ikamuuma sana, usiku uleule akajitoa kwenye grupu la WhatsApp na mazoezini hakukanyaga wiki 3. Siku hiyohiyo kuna binti aliyeokoka miaka 2 tu iliyopita alikosolewa pia, tena kwa maneno makali zaidi, yeye akasema "nisamehe, nitajirekebisha" akaendelea kuimba. Baadaye mzee wa kanisa akamwambia dada yetu "wewe bado mchanga kiroho". Sasa anauliza mambo 3: inawezekanaje wa miaka 2 ampite wa miaka 9, kwanini siku hizi akiomba hasikii chochote wakati zamani alikuwa analia machozi, na je akifunga siku 40 atakomaa?

Dada yangu, nianze na miaka manake naona ndo inayokuuma zaidi. Tuna msemo wetu kwamba utu uzima dawa, na ni kweli, ila kwenye imani utu uzima hauhesabiwi kwa kalenda. Waraka kwa Waebrania sura ya 5 kuna watu walikuwa kwenye hali kama yako kabisa, mwandishi anawaambia kwa muda uliopita walipaswa sa hivi wawe walimu lakini bado wanahitaji mtu awafundishe mafundisho ya kwanza, bado wanataka maziwa. Yani muda ulipita kweli, hakuna anayebisha, ila wao hawakupita pamoja nao. Kwahiyo hili halikuanza na wewe na wala halimaanishi hukuokoka, mtoto mchanga ni mtoto halisi wa nyumba ile, hakuna mzazi anayemkana mtoto eti kwa sababu hajaanza kutembea.

Alafu angalia mstari wa 14 wa sura hiyohiyo. Anasema chakula kigumu ni cha watu wazima, "ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya". Soma hapo polepole. Kwa kutumiwa. Zimezoezwa. Kwenye Kigiriki hilo neno la kuzoezwa linatoka kwenye mazoezi ya wanamichezo, ndo ukoo mmoja na neno jim tunalotumia leo. Hasemi wamesikia mahubiri mengi, hasemi wamehudhuria semina nyingi wala wamekaa kanisani muda mrefu, anasema wametumia. Sasa mtu anaweza kukaa jim miaka 9 anaangalia wenzake wananyanyua vyuma, anajua jina la kila chuma na anaweza hata kukueleza kinajenga msuli gani, na mwili wake ukabaki vilevile alivyoingia. Na mwingine akaja juzi, hajui jina la kitu chochote, ila kila siku ananyanyua. Nadhani hapo umeshaona jibu la swali lako la kwanza, yule binti siku ile alinyanyua chuma ambacho wewe ulikiacha chini.

Nakuambia hivi kwa upendo kabisa, na sijui moyo wa huyo binti wala wako, anayejua ni Mungu. Ila ile siku ya kukosolewa, ILE ndo ilikuwa chakula kigumu chenyewe. Watu wengi tunadhani chakula kigumu ni mafundisho mazito, unabii wa Danieli, siri za ulimwengu wa roho na kadhalika. Mafundisho mazito yapo, na huyo mwandishi wa Waebrania alitaka kuwafundisha habari za Melkizedeki, yule kuhani wa zamani za Ibrahimu, ambazo si nyepesi hata kidogo, ila tatizo lao halikuwa kukosa somo, anawaambia wamekuwa wavivu wa kusikia. Na kusikia kwenye Biblia mara nyingi kunaenda pamoja na kutii. Kwahiyo ukiwa na njaa ya mafundisho mapya kila wiki, unahama kutoka mtumishi huyu kwenda yule, klipu hii na ile, na lile la kusamehe ulilofundishwa mwaka wa kwanza halijafanyiwa kazi, bado unanyonya hata kama maziwa yenyewe unayaita chakula kigumu.

Sasa kuhusu karama, manake umeniandikia kama unashangaa, "lakini mimi naomba kwa lugha". Soma barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi 6 akiwafundisha mwenyewe, Matendo 18 inasema hivyo, na kwenye sura ya kwanza ya barua anawapa ushuhuda kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote. Yoyote! Lugha zipo, unabii upo, maarifa yapo. Alafu sura ya 3 huyohuyo anawaambia nimeshindwa kusema nanyi kama watu wa rohoni, nimesema nanyi kama watoto wachanga. Alijuaje kuwa ni wachanga? Hakupima ibada yao ilivyo moto, alitazama husuda na fitina, huyu anasema mimi wa Paulo na yule mimi wa Apolo. Karama unapewa kwa siku moja, hata dakika moja. Tabia ya Kristo haipewi kwa dakika, inalelewa, ndo maana Wagalatia 5 inaliita tunda, na tunda halining'inizwi kwenye mti, linatoka ndani ya mti wenyewe taratibu. Na ule mstari maarufu wa "nilipokuwa mtoto mchanga, nalisema kama mtoto mchanga", tunaousoma sana kwenye harusi, uko 1 Wakorintho 13 katikati kabisa ya sura zinazozungumzia karama. Paulo hakuuweka hapo kwa bahati mbaya.

Kuna kitu nakipenda sana kwenye Kiswahili chetu hapa. Neno la Kigiriki la mtu aliyekomaa ni teleios, maana yake kitu kilichofikia kile kilichokusudiwa. Biblia yetu ya Muungano sehemu zingine inalitafsiri wakamilifu, kama kwenye Yakobo 1:4, na sehemu zingine inasema watu wazima, kama kwenye Waebrania 5 na 1 Wakorintho 14:20. Na mtu mzima kwetu ni yule aliyekua, lakini mzima pia ni asiye na ufa, asiyepungukiwa. Mtu aliyekomaa kwenye imani ndo huyo, ni mzima, yani yule wa jumapili madhabahuni ndo huyohuyo wa jumatatu nyumbani, ndo huyohuyo akikosolewa na ndo huyohuyo akisifiwa. Yesu naye aliposema mwe wakamilifu kama Baba yenu alivyo mkamilifu, Mathayo 5:48, neno ni hilohilo, na angalia alikuwa anazungumzia nini hapo juu yake: kuwapenda adui na kuwasalimu wasio ndugu zenu. Kipimo chake kiko kwenye namna unavyomchukulia mtu ambaye hakufurahishi.

Tuje kwenye ukavu, hapa naomba unisome taratibu manake naona watu wengi wanaumia bure.

Umesema zamani ukipiga magoti tu machozi yanatoka, sa hivi unaomba kama unaongea na ukuta, na umeanza kujiuliza kama umerudi nyuma. Inawezekana, sitakudanganya. Daudi kwenye Zaburi ya 32 anasema aliponyamaza na dhambi yake mifupa ilichakaa, mkono wa Mungu ukamlemea mchana na usiku. Kama kuna jambo unalijua, umelifungia chumba cha ndani na kila ukiomba unapita mlangoni kwake haraka haraka, basi ukavu wako unatoka hapo, na dawa yake ni kukiri tu, haihitaji mkesha. Pia inawezekana umechoka mwili. Eliya alipoomba afe, 1 Wafalme 19, Mungu hakumkemea wala kumhubiria, malaika alimgusa akamwambia inuka ule, akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili akala tena, ndipo safari ikaendelea. Mtu anayelala masaa 4 kwa siku asiharakishe kusema Roho ameondoka.

Ila kuna ukavu wa tatu ambao hauhubiriwi sana. Zaburi 131 ni fupi, mistari 3 tu, na mwandishi anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake. Tafakari tofauti ya mtoto anayenyonya na aliyeachishwa. Anayenyonya akiwekwa kifuani anatafuta kitu, anahangaika, asipopata analia. Aliyeachishwa anakaa kifuani palepale na hatafuti kitu, anamtaka mama tu. Miaka ya kwanza ya wokovu Mungu anatupa hisia nyingi, majibu ya haraka, machozi, furaha, ni maziwa na ni mema, Petro anasema tuyatamani. Alafu kuna kipindi anayapunguza. Na mtoto siku ya kuachishwa haelewi kitu, anaona kama mama amemchukia. Lakini Mwanzo 21:8 inasema siku Isaka alipoachishwa kunyonya Ibrahimu alifanya karamu kubwa, yani inawezekana kabisa mtoto yuko chumbani analia na baba yuko nje anaandaa sherehe kwa jambo hilohilo!

Sasa utajuaje uko kwenye ukavu upi? Mimi huwa nauliza swali moja tu, pamoja na ukavu huo bado unamtaka Mungu? Umeniandikia kwamba unaamka kuomba hata kama husikii kitu, na inakusumbua kutosikia. Mtu aliyerudi nyuma kwa kawaida hasumbuki, amepata vingine vya kumfurahisha. Kwahiyo kwa jinsi ulivyonieleza sioni mtu aliyepotea, naona mtu anayeachishwa na hakuna aliyemwambia. Endelea kuomba bila hisia, tumia hata zaburi kama maneno yako mwenyewe yameisha, na usijilazimishe kulia ili ujione uko kiroho.

Siku 40. Nitakuwa mfupi. Kufunga ni jema na Yesu alisema "mfungapo", hakusema kama mkifunga. Lakini Isaya 58 kuna watu walikuwa wanafunga na huku wanashindana na kugombana, na Mungu akawaambia hiyo siyo saumu niliyoichagua. Ukifunga siku 40 na hujaenda kuongea na yule kiongozi, nina hofu utatoka ukiwa na kiburi kipya juu ya kile cha zamani. Na kiafya pia, kukaa bila chakula kabisa siku nyingi ni hatari ya kweli, usijaribu bila kuongea na daktari. Funga siku moja kama unataka, na kwenye hiyo siku umwombe Mungu ujasiri wa kwenda kupatana.

Kitu kingine lazima nikiseme manake neno "mchanga" linatumika vibaya sana. Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha niliwahi kuhudumu mahali ambapo ukiuliza swali unaambiwa hujakomaa, ukinyamaza unaambiwa umekomaa, na wapo waliovunjika mioyo pale hawajarudi kanisani mpaka leo, huwa nawaombea. Hayo siyo mafundisho ya Biblia. Waefeso 4:14 inasema mtoto ndo anayechukuliwa huku na huku na kila upepo wa elimu, yani anayeamini kila anachoambiwa ndo mchanga, na mtu mzima ni yule anayepambanua. Watu wa Beroya, Matendo 17, walimsikiliza Paulo mwenyewe alafu wakaenda kuchunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo, na wakasifiwa kwa hilo. Kwahiyo kukomaa hakumaanishi usiwe na macho. Kiongozi anaweza kuwa amekosea kukukosoa mbele za watu, na kusema ukweli mimi naona alikosea. Lakini kosa lake ni lake, na wiki 3 ulizojifungia ni zako.

Na usifikiri waliokomaa hawaanguki. Petro, baada ya Pentekoste, baada ya maono ya ile nguo kubwa na kuingia nyumba ya Kornelio mtu wa Mataifa, Matendo 10, bado Antiokia alijitenga na Mataifa, yani waamini wasio Wayahudi, akiwaogopa watu, mpaka Paulo akampinga uso kwa uso, iko Wagalatia 2. Paulo naye akiwa kifungoni, miaka mingi ndani ya huduma, anawaandikia Wafilipi kwamba si kwamba amekwisha kuwa mkamilifu, alafu mistari mitatu mbele anasema sisi tulio wakamilifu tuwaze hivyo, neno la ukoo uleule kabisa. Maana yake dalili mojawapo ya kukomaa ni kujua hujafika. Hata Martin Luther, yule mtawa wa Ujerumani aliyeanzisha matengenezo ya kanisa, alipoandika zile hoja 95 mwaka 1517, hoja ya kwanza kabisa ilikuwa kwamba Bwana aliposema tubuni alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Tofauti ya mchanga na mtu mzima naiona zaidi kwenye muda wa kurudi, mmoja akikosea au akiumizwa anachukua miezi, mwingine jua halijazama ameshapiga simu.

Kwa wewe uliyekimbia kwaya nakupa mtu mmoja umsome wiki hii, Yohana Marko. Alitoka na Paulo na Barnaba kwenye safari ya kwanza, walipofika Perge akawaacha akarudi Yerusalemu. Biblia haisemi kwanini. Safari ya pili Barnaba akataka wamchukue tena, Paulo akakataa katakata, wakashindana mpaka wakatengana, Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro. Hapo ungesema huyu kijana amekwisha, maana amekataliwa na mtume Paulo! Lakini Barnaba alikaa naye, na baada ya zaidi ya miaka 10 Paulo huyohuyo akiwa kifungoni anamwandikia Timotheo amlete Marko, "maana anifaa kwa utumishi". Na mapokeo ya kanisa tangu karne ya 2 yanasema ndiye aliyeandika Injili ya Marko. Mtu aliyejitoa safarini. Naomba uone mambo mawili hapo, kwamba ilichukua muda, na kwamba hakukomaa akiwa peke yake, kulikuwa na mtu aliyekubali kutembea naye. Wewe umenieleza kila kitu ila hujanitajia hata mtu mmoja mwenye ruhusa ya kukuambia ukweli. Tafuta mama mmoja hapo kanisani, asiwe maarufu, awe anayeishi anachokisema, umwombe akulee. Nina hakika miaka 9 imekupita zaidi hapo kuliko kwenye maombi.

Na wiki hii fanya jambo moja. Nenda kwa kiongozi wa kwaya, usimtumie meseji, nenda. Sema nilichelewa, na nilikasirika nikaondoka bila kuaga, naomba unisamehe. Ishia hapo. Usiongeze "lakini na wewe", hata kama lakini hiyo ina ukweli ndani yake. Kama bado unataka kumwambia kwamba kukosolewa mbele ya watu kulikuumiza, una haki, Mathayo 18:15 inakupa njia, wewe na yeye peke yenu, ila iwe siku nyingine ili asione ile ya kwanza ilikuwa utangulizi wa hii ya pili. Anaweza kukupokea vibaya. Ukipokelewa vibaya usihesabu kwamba umeshindwa, chuma kimenyanyuliwa na Mungu ameona.

Alafu mazoezi yanayofuata kaa karibu na yule binti wa miaka 2. Muulize siku ile alipokosolewa aliwaza nini kabla hajajibu, na ni nani anayemlea. Akianza kueleza msikilize mpaka mwisho, usimfundishe kitu.